Na Sisi Tuulize Karatasi

Ndugu wanachama na wafanyakazi wenzetu,

Mwezi huu twaandika habari za Garissa. Najua wako watakaouliza, Garissa na reli wapi na wapi? Ni kweli, reli haifiki Garissa. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, ulichora njia ya reli kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo, lakini mpaka leo hakuna taruma hata moja lililolazwa. Walakini watu wa Garissa, Wajir na Mandera wamo kazini pamoja nasi, na karo ya mtoto wa Garissa hulipwa kwa mshahara ule ule unaolipa karo ya mtoto wa Voi ama Nakuru. Tena jambo tutakalolisema hapa si la Garissa peke yake. Ni la kila mzazi aliyepata kujaza fomu ya basari, akangoja, akaambiwa, "Jina lako halikutoka," na asiambiwe zaidi.

Fedha za basari ni fedha za umma. Nyingine hutoka serikali ya kaunti, nyingine zimekuwa zikitoka katika mfuko wa maeneo bunge ulioanzishwa mwaka 2003, ule ambao wote twauita CDF. Kaunti ya Garissa ina maeneo bunge sita, nayo ni Garissa Township, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi na Ijara, na wadi 30. Watoto ni wengi kuliko fedha, kwa hiyo hapana budi wachaguliwe. Kamati hukaa, fomu hupangwa, majina huchaguliwa, hundi huandikwa kwa jina la shule. Hatusemi kuchagua ni kosa. Hata sisi tukipewa unga wa watu kumi na watu ni ishirini, tutachagua. Tunalouliza ni hili: walichaguliwa kwa kipimo gani, na kipimo hicho kimeandikwa wapi?

Nitawaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe, ili mjue sisemi habari za kusikia.

Dada yangu anakaa Garissa, anauza maziwa. Binti yake alikuwa kidato cha pili, na mzee wa nyumba ile alikwisha fariki. Tulijaza fomu ya basari, tukatia barua ya shule na matokeo ya mtihani, tukaipeleka katika ofisi ambayo jina lake sitalitaja. Karani akaipokea na kuiweka juu ya nyingine. Hatukupewa risiti, wala sisi hatukuiomba. Miezi miwili ikapita. Siku moja jirani akasema orodha imebandikwa mlangoni. Dada akakimbia. Alipofika saa kumi jioni orodha haikuwapo tena, zimebaki pembe nne za karatasi na gundi. Akauliza, akaambiwa, "Mama, kama ungekuwa na bahati ungepigiwa simu."

Bahati! Fedha za umma zikigawanywa kwa bahati, basi tuseme wazi kuwa ni bahati nasibu, na kila mtu anunue tikiti yake.

Nikapata likizo, nikapanda basi kutoka Nairobi kupitia Mwingi. Njiani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema fedha zimeliwa. Wa pili alisema zimepewa ukoo fulani. Wa tatu, ambaye ni wa ukoo huo huo, alisema wao ndio hawakupata hata shilingi, zimepewa wale wengine. Basi zima lilijaa mashtaka, na hakuna hata mmoja aliyeona karatasi. Hapo ndipo nilipofikiri kazi yetu ya reli. Tangu zamani stesheni masta huandika katika kitabu saa ya kila treni inayofika na inayoondoka. Ajali ikitokea hatuanzi kwa kuuliza dereva ni kabila gani. Twafungua kitabu. Kitabu huweza kumhukumu mtu, na mara nyingi humwokoa mtu asiye na kosa.

Nikaandika barua. Mimi nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, sikuwa na wakili wala Kiingereza cha mahakamani. Niliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa sheria yasema hivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kisha ikaja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo ndiyo yaeleza namna ya kuomba. Barua yaweza kuwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika ama mlemavu asiyeweza kuandika aombe kwa mdomo, na afisa wa ofisi aandike maneno yake na kumpa nakala. Kuomba hakulipiwi. Kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kutoa nakala, isizidi gharama yenyewe. Ofisi yatakiwa ijibu upesi iwezekanavyo, na isipite siku 21. Ikiwa kumbukumbu ni nyingi sana ama ofisi yahitaji kuuliza kwingine, yaweza kujiongezea muda mara moja, lakini usizidi siku 14. Na ikiwa ofisi hiyo haina karatasi hizo, ni kazi yake kuipeleka barua kwa ofisi iliyo nazo, si kazi yako kuzunguka mji kwa jua.

Karani aliisoma barua yangu mara mbili, akaniuliza, "Wewe nani? Wataka kufanyia nini?" Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi ni mjomba wa mtoto, lakini sheria hainilazimishi kusema sababu. Na hivyo ndivyo ilivyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika shauri la Katiba Institute juu ya fedha za matangazo ya serikali, ilisema mwananchi anayeomba habari halazimiki kueleza kwa nini anazitaka.

Siku 21 zikapita bila jibu. Nilimwandikia tena mkubwa wa ofisi, nikamkumbusha tarehe, nikaeleza kuwa nitapeleka shauri mbele. Siku ya 26 jibu likaja. Halikuwa kamili, lakini lilitosha kutufungua macho. Lilitoa hesabu ya fomu zilizopokewa na hesabu ya waliopewa, na ukurasa mmoja wa muhtasari wa kikao cha kamati. Katika ukurasa ule imeandikwa kuwa fomu zisizo na sahihi ya chifu ziliwekwa kando, hazikusomwa.

Fomu yetu haikuwa na sahihi ya chifu. Hakuna aliyetuambia yatakiwa. Nafasi ya sahihi hiyo ilikuwa nyuma ya karatasi, chini kabisa, na nakala tuliyopewa ilikuwa imechapwa upande mmoja.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Sisi tulikuwa tayari kuapa kuwa mtoto amenyimwa kwa ajili ya ukoo. Dada alikuwa hasalimiani tena na mke wa mtu mmoja wa kamati. Kumbe fomu haikusomwa kabisa! Si kwamba ofisi haina lawama. Ina lawama kubwa, maana ilitoa fomu nusu na ikatupa kando watoto ambao hata hawakupimwa. Lakini lawama hii ina dawa. Muhula uliofuata fomu ilikwenda ikiwa kamili, tukaomba karani atie muhuri wa kupokea katika nakala yetu, na mama wengine saba wa mtaa ule wakafanya vivyo hivyo. Binti alipata sehemu ya karo. Hakupata yote. Tulilipa nyingine sisi. Lakini alirudi darasani, na mwaka mmoja alioupoteza hakuna ofisi itakayomrudishia.

Hilo ndilo neno letu la mwezi huu. Tusianze na mashtaka. Tuanze na karatasi.

Sasa wako watakaosema, "Hayo ni rahisi kwako wewe wa Nairobi. Mtu wa Kaskazini Mashariki akiuliza serikali karatasi, atatafutiwa makosa." Hatuwacheki wanaoogopa. Woga huu una historia. Wakati wa ukoloni upande ule ulikuwa eneo lililofungwa, na mtu alihitaji pasi apate kuingia. Tulipopata Uhuru mwezi wa Desemba 1963, mwezi haukwisha kabla hali ya hatari haijatangazwa huko, na sheria zile za hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wapigwe msasa upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili juu ya kitambulisho. Kwa miaka mingi baadaye kijana wa Garissa aliyetaka kitambulisho aliitwa mbele ya kamati na kuulizwa karatasi za baba na za babu. Ni mwezi wa Februari 2025 tu ndipo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alipotangaza mwisho wa msasa ule wa ziada kwa kaunti za mpakani.

Na sisi wafanyakazi tuna historia iliyo ndugu na hiyo. Babu zetu walivikwa kipande shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwajiri ndiye aliyeandika humo neno jema ama neno baya. Harry Thuku alisimama kupinga kipande na kodi, akakamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu wakapigwa risasi Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Garissa na mfanyakazi wa reli wote wawili wanajua maana ya kuulizwa karatasi. Kwa miaka mia tumeulizwa sisi. Serikali imetaka kujua tumezaliwa wapi, baba ni nani, twatoka wapi, twakwenda wapi, na tumejibu. Sasa sheria imegeuza swali lile liende upande wa pili pia. Serikali nayo yaweza kuulizwa, "Karatasi yako iko wapi?" Haki hii isipotumiwa itakuwa kama reli isiyopitiwa na treni. Itaota majani, kisha watu watakuja kuiba chuma.

Wafanyakazi wa reli hasa hatuna udhuru wa kusema hatujui jambo hili. Mikataba ya reli mpya ya SGR ilifichwa miaka mingi, na watu walisafiri humo tangu Mei 2017 bila kujua masharti ya deni. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliandika barua kuiomba, wasipewe. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2021. Serikali ikajitetea kuwa mikataba ina maneno ya siri. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamuru mikataba itolewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa sehemu ya karatasi zile. Ikiwa mkataba wa mabilioni waweza kutolewa, je, masharti ya basari ya mtoto wa Fafi ndiyo siri ya taifa?

Tena wakati huu ni wakati wa kuangalia zaidi, maana mifuko yenyewe imekuwa ikibishaniwa. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko wa maeneo bunge yapingana na Katiba, ikaweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wa mfuko ule. Mwezi wa Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti zisilipe basari bila mapatano na serikali kuu, na magavana wakaenda mahakamani. Wakubwa wakivutana hivyo, mzazi hupigwa teke kutoka ofisi hii kwenda ile. Kila mmoja humwambia, "Si sisi, ni wale." Basi uliza kwa maandishi. Jibu la mdomo hukanushwa asubuhi yake, lakini ofisi iliyoandika "si sisi" na kupiga muhuri imekupa kitu cha kushika.

Tuulize nini? Hapa wengi hukosea. Ukiandika, "Kwa nini mtoto wangu hakupewa?" utajibiwa kuwa fedha zilikwisha. Omba kumbukumbu zenyewe, moja moja:

1. Masharti ya uteuzi yaliyotumiwa, na tarehe kamati ilipoyapitisha.
2. Hesabu ya fomu zilizopokewa katika kila wadi, na hesabu ya waliopewa.
3. Fedha zilizotengwa, na fedha zilizolipwa kwa kila shule, pamoja na tarehe za hundi.
4. Muhtasari wa kikao kilichochagua, na majina ya wajumbe waliokuwapo.
5. Fomu ngapi ziliwekwa kando bila kupimwa, na kwa sababu gani.
6. Kumbukumbu ya fomu ya mtoto wangu mwenyewe, ilipokewa lini na ilipewa alama gani.

Msiombe habari za ndani za watoto wa wengine. Nani ni yatima, nani mzazi wake ni mgonjwa, nani hana chakula, hayo ni mambo ya siri ya nyumba, na sheria yenyewe inayalinda. Hatutaki kumvua nguo jirani ili tujue kama sisi tulidhulumiwa. Hesabu, masharti na tarehe zatosha.

Andika tarehe. Taja jina lako na mahali pa kujibiwa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo nyumbani. Hesabu siku 21. Ukinyamaziwa, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, na hapo una siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi twaijua kwa jina la Ofisi ya Ombudsman. Na mtu yeyote anayeharibu ama kuficha kumbukumbu kwa nia ya kuzuia isitolewe ametenda kosa la jinai.

Ikiwa mwanachama aogopa kusimama peke yake, chama kiandike. Zamani mahakama zilipata kusema kuwa haki hii ni ya raia mmoja mmoja, si ya kampuni wala shirika. Lakini sheria ya 2016 yasema wazi kuwa raia ni pamoja na shirika la watu binafsi linaloongozwa na Wakenya. Barua moja ya tawi yaweza kuuliza kwa niaba ya wazazi arobaini, na hakuna karani atakayejua amkasirikie mtoto wa nani.

Neno moja juu ya makarani. Wale ni wafanyakazi wenzetu. Karani wa dirishani hakukaa katika kamati, wala hakuandika masharti. Yeye ndiye anayetukanwa na watu mia kwa siku kwa ajili ya orodha asiyoitunga. Tusimwendee kwa ngumi. Orodha na masharti yakibandikwa ukutani mwezi mzima, kwa Kiswahili na Kisomali, dirisha lake litapumua. Na mjumbe wa kamati aliye mwaminifu naye atapumua, maana leo anaitwa mwizi pamoja na mwizi, na hana cha kujitetea nacho.

Mwisho, tusijifanye watakatifu. Wako wanachama waliotuuliza ni nani aliyewachagua ndugu waliopelekwa kusoma kwa fedha za chama, na kwa kipimo gani. Swali hilo ni la haki, na sisi viongozi tulilijibu kwa mdomo tu, kama yule karani alivyomjibu dada yangu. Haifai. Hatuwezi kuidai serikali kitabu huku chetu tumekikalia. Kwa hiyo kamati ya tawi itaombwa katika mkutano ujao ibandike katika ubao wa matangazo masharti ya uteuzi, majina ya walioomba kwa hiari yao na ya waliopelekwa. Wanachama njooni mkahakikishe limefanyika.

Fomu za basari za muhula ujao hazijafungwa. Mwenye mtoto shuleni, wa Garissa ama wa kwingineko, ageuze fomu aone nyuma yake, aijaze yote, kisha adai muhuri. Na aliyenyimwa mwaka huu alete barua yake kwa katibu wa tawi siku ya mshahara. Tutakaa naye tuiandike pamoja.